Mfalme Mwenye Kokwa ya Tende

Katika mkahawa wa Haji Rasim, hapa Adhamiya, ukifungwa sataranji Ijumaa tatu mfululizo unahamishiwa benchi za dhumna mpaka sikukuu. Hakuna rufaa. Mimi nilikwisha fungwa mbili, na shemeji yangu Sabah, anayegonga dhumna mezani kama anaua nge, alikuwa amekwisha nipangusia kiti.

"Karibu nyumbani, Abu Sarmad. Huku hatufikiri, tunapiga kelele tu."

Aliyekuwa akinifunga ni Abu Luay, mpima ardhi mstaafu. Mstaafu! Mwenzangu ana siku nzima ya kukaa na vitabu vyake vya sataranji. Mimi ni mwokaji mikate. Naanza alfajiri, namaliza jioni, na nikifika nyumbani hata kijiko kizito. Nafasi yangu ya kujifunza ni ile tu ambayo mikate ya samuni imo tanurini: dakika nane. Zikizidi, unauza makaa.

Basi nikachora ubao kwa kidole kwenye unga uliotapakaa mezani, vipande nikavifinyanga kwa donge. Vyangu vyeupe, vya adui nikavinyunyizia habasoda. Siku ya kwanza nikapanga vyote thelathini na viwili. Tamaa hiyo! Joto la tanuri likaviumua. Askari akavimba akawa waziri, farasi akagandana na tembo, ngome ikamlalia mfalme. Vita vizima vikageuka mkate mmoja.

Tangu hapo nikaweka vitatu tu: wafalme wawili, kila mmoja na kokwa ya tende kichwani, na askari wangu mmoja. Swali moja kila mkupuo wa mikate: nitamfikishaje askari huyu ng'ambo ya ubao awe waziri, kipande chenye nguvu kuliko vyote? Mwanzoni nilimsukuma mbio, na kila mara yule mfalme wa habasoda akamzibia. Kwenye mkupuo wa arobaini hivi ndipo nikang'amua: mfalme atangulie, askari afuate. Wafalme wakitazamana uso kwa uso, chumba kimoja katikati, mwenye zamu ndiye anayelazimika kupisha.

Ijumaa, baada ya swala, tukaketi. Nikabadilishana na Abu Luay kila kilicholika: waziri kwa waziri, ngome kwa ngome.

"We vipi, unagawa mirathi?"

"Nasafisha meza, ndugu yangu. Vikiwa vingi huumuka."

Hakuelewa, lakini akacheka, akaendelea kula. Mwisho wakabaki wafalme wawili na askari wangu. Sabah akaacha dhumna zake, akaja kunihemea kisogoni.

Mkono wangu ukamwendea askari. Ulibaki unywele tu ukucha umguse. Hapo mwili ukahesabu dakika nane: miguu ikainuka yenyewe, pua juu, natafuta harufu ya kuungua.

"Anakimbia!" Abu Luay akapiga kofi. "Mshikeni jamani!"

Lakini nikiwa wima hivyo, ubao ulikuwa chini yangu kama meza yangu ya unga. Nikamwona mfalme, na wallahi nikaiona na kokwa yake. Askari nikamwacha. Nikamsogeza mfalme akamkabili mwenzake, chumba kimoja katikati.

"Zamu yako, mpima ardhi. Pima."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Chai yake ikapoa. Akapisha kushoto, nikapenya kulia, na baada ya hatua chache askari wangu akawa waziri.

"Mwizi we! Umesoma kitabu gani?"

"Sijasoma. Nimeoka."

Nikawasimulia ubao wangu wa unga na mfalme mwenye kokwa, mkahawa mzima ukalipuka kwa vicheko. Sabah peke yake ndiye aliyekirudisha kile kiti ukutani kama mtu aliyekimbiwa na mchumba.

Jumamosi asubuhi, kwenye foleni ya mikate, nani huyo? Abu Luay, ambaye hununuliwa mikate na mkewe miaka yote, shingo imerefuka kuielekea meza yangu.

"Nipe samuni kumi. Na huyo mfalme mwenye kokwa, nimtazame kidogo."

"Umechelewa," nikamwambia, nikimpa mfuko. "Yumo humo ndani, wa tano kutoka juu. Angalia meno."