Kona za Zabroni

Zabroni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyetazama video nyingi kupita kiasi. Mchana alipanga maboksi kwenye ghala moja la Buffalo, Marekani, jioni alirudi mtaa wa Riverside kwenye nyumba aliyoipanga pamoja na shangazi yake Agata, akala, akashukuru, kisha akajifungia na simu yake kuwasikiliza wanaume wenye ndevu wakieleza jinsi ya kulifanya gari la zamani lishike barabara bila kumaliza mshahara. Vijana wengine wa kanisani walikuwa wanamwomba Mungu mke mwema. Yeye mke alikwishampata, Umutoni wa kule Louisville, binti mpole mwenye kazi ya kuhudumia wazee. Alichokuwa anaomba sasa ni springi fupi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Selika nyekundu ya milango miwili, rika lake kabisa. Alilinunua mtaa wa Kensington-Bailey kwa mzee mmoja aliyetokwa na machozi wakati wa kukabidhi funguo, na mpaka leo Zabroni anaamini yalikuwa machozi ya uchungu. Chumvi inayomwagwa barabarani Buffalo wakati wa theluji ilikuwa imekula chini kote, lakini ukilitazama kwa juu lilikuwa bado na umbo la ujana. Tatizo, alisema, ni kwamba kwenye kona lilikuwa linainama.

Tumpe haki yake: alianza vizuri. Alinunua matairi mazuri, kwa sababu tairi ndilo linalogusa lami, mengine yote ni maneno. Akabadilisha bushi za raba zilizokuwa zimechakaa, akapeleka gari kupimwa alaimenti ili magurudumu yatazame upande mmoja. Angeishia hapo, angekuwa na gari zuri, nami nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Akaenda kwenye skrepa kutafuta springi fupi na shokapu ngumu zilizochomolewa kwenye gari la mtu ambaye hatujui yaliyompata. Akazifunga mwenyewe uani, gari likashuka mpaka likawa linasalimiana na lami. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kupanda gari la Zabroni ilibidi ainame zaidi ya hapo.

Kisha wale wenye ndevu wakamfundisha dawa isiyo na gharama hata kidogo: kupunguza uzito. Akatoa tairi la akiba. Akatoa jeki, kwa kuwa jeki bila tairi la akiba ni ya nini. Akatoa zulia. Mwishowe akaingia na spana, akafungua kiti cha nyuma, akakiburuta mpaka barazani.

Shangazi Agata alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Hicho kiti kina ugonjwa gani?"

"Hakina ugonjwa, Shangazi. Ni uzito tu."

"Na watu?"

"Watu gani?"

Agata akamtazama kidogo, akarudi kugeuza ugali wake. Alikuwa mwanamke asiyesema mara mbili. Mama yake Zabroni alifariki kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, mtoto akiwa bado hajaota meno, na Agata ndiye aliyembeba mgongoni kwenye foleni za mahindi mpaka mgongo ukazoea. Walipoletwa Buffalo hakuelewa mabasi, kwa hiyo baridi nzima ya kwanza alimsindikiza shuleni kwa miguu, akamngoja nje mpaka mwalimu alipomsihi arudi nyumbani. Alikuwa na haki ya kusema mengi kuhusu kile kiti. Akapakua ugali.

Siku ya kwenda kubisha hodi kwa wazazi wa Umutoni ikafika. Mpango ulikuwa mwepesi. Zabroni na shangazi yake wangetoka Buffalo, wapitie Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, ambako aliishi mshenga wao, Mzee Gaudiosi. Mshenga angekwenda Louisville kwa gari la mpwa wake, wakifuatana.

Walitoka alfajiri. Zabroni alikuwa na furaha ya mtu aliyejiandaa. Ameifunga ile springi, ameibana ile shokapu; sasa alitaka kona. Akazitafuta Erie hakuziona. Akazitafuta baada ya Cleveland, na Ohio ikamtandikia barabara iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi, mahindi kulia, mahindi kushoto. Hata hivyo hakukata tamaa. Alimweleza shangazi yake kona zingekuwaje kama zingekuwapo: namna gari la kawaida linavyolala upande, na namna hili lisivyolala. Kila walipovuka kiungo cha zege gari liliruka, na Agata akaitikia "Yesu" kwa sauti ya chini, hata ikawa kama anakubaliana naye.

Reynoldsburg walikuta mambo yameharibika. Mpwa wa mshenga ameitwa kazini kwa lazima, na gari lake limekwenda naye. Mzee Gaudiosi alikuwa amesimama mlangoni ndani ya suti, amejipaka mafuta, tayari kwa vita. Watu walikuwa watatu na viti viwili.

Mkewe Gaudiosi, Florida, akatoka na funguo mkononi. "Chukueni gari langu. Lina viti vya ukoo mzima."

Lilikuwa gari la familia la mlango wa kusukuma, la rangi ya uji, limejaa makombo ya chipsi na vitabu vya nyimbo. Zabroni alilizunguka. Akalibonyeza kwa mkono pale kwenye kona ya nyuma, likayumba, likaendelea kuyumba.

"Mama, shokapu zimekufa," alisema. "Hili kwenye kona litalala."

"Halijawahi kulala na mtu," Florida akasema.

Zabroni akaanza kueleza. Akaeleza matairi, akaeleza stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari lisilale, na ukweli, ambao hakuueleza, ni kwamba alikuwa amejiona mara nyingi akiingia kwa wakwe na ile Selika nyekundu, na katika maono hayo hapakuwa na makombo ya chipsi. Shangazi yake akamsikiliza mpaka akachoka.

"Basi nitabaki na Florida," Agata akasema. "Nendeni nyinyi."

Adabu ya kwetu inajulikana. Mtu mzima akijitolea kubaki, unakataa. Akirudia, unakataa tena. Zabroni alisema, "Asante, Shangazi," akafungua mlango wa upande wa pili kwa ajili ya mshenga.

Mzee Gaudiosi naye angeweza kuzuia, lakini alikuwa anaupenda mdomo wake kama Zabroni alivyolipenda gari lake. "Wasiwasi wa nini," alisema akijikunja kuingia. "Mabinti wote niliowaposa, nimewaposa kwa ulimi huu peke yake."

Njiani akaanza kuunoa. Alikuwa na hotuba tamu, ya ng'ombe na malisho, maana wakwe walikuwa watu wa milima ya Kivu Kusini, Kongo, na huwezi kufika kwao bila kumsifu ng'ombe. Lakini sentensi ndefu inahitaji springi laini. "Tumekuja kama wa-chu-nga," alisema, "walioona nda-ma mzu-ri." Karibu na Cincinnati, kwenye ungio la daraja, gari likaruka wakati neno "malisho" liko katikati, na Mzee akafunga meno juu ya ulimi wake.

Walipofika Louisville ulimi ulikuwa umevimba na kujaza kinywa.

Kwa Mzee Rutebuka, baba yake Umutoni, sebule ilikuwa imejaa wajomba wenye tai. Maziwa yakaletwa, sala ikasomwa. Umutoni alikuwa chumbani, kama ilivyo desturi, mpaka aitwe. Zabroni akakaa, akatazama viatu vyake, maana siku kama ile muoaji hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga. Mshenga akasimama, akaongea. Ilisikika kama mtu anayeongea na kiazi cha moto kinywani. Wajomba walivumilia kwa heshima mpaka alipokaa.

"Bon," akasema Rutebuka kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Mzee, tumesikia, kidogo. Lakini mi naona wanaume mbili tu. Mwanamuke iko wapi? Kwetu mutoto wanamutoaka mbele ya mama. Ni nani atamupokea? Donc munakuja kubeba binti sawa vile watu wanakuja kubeba frigo?"

Mzee Gaudiosi akajaribu kujibu. Ulimi ukakataa.

"Uyu kijana alilelewa na nani?"

"Sangasi," mshenga akasema kwa shida. "Yuko Leynosbak."

"Reynoldsburg ni hapa tu. Mumupigie simu."

Zabroni akatoa simu, akapiga na kuweka sauti kubwa. Agata akapokea upesi sana.

"Mama, jambo. Mi ni Rutebuka. Hatukuoni hapa kwetu. Ni nini?"

Sauti ya Agata ikajaza sebule, tulivu kabisa. "Nisameheni, baba. Ni mgongo wangu. Kijana alinisihi sana niende, mimi ndiye niliyekataa. Yeye hana kosa."

Hapo Zabroni aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu kuzaliwa. Wajomba walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma, jambo lilikuwa linapita, na Umutoni alikuwa nyuma ya ukuta ule tu. Angenyamaza, angepata siku ile mke na uongo kwa pamoja. Akasimama, kitu ambacho muoaji hafanyi.

"Si kweli, Baba. Hakukataa. Nilimwacha mimi. Hapakuwa na kiti."

"Gari inakosa kiti namna gani?"

"Kiti cha nyuma nilikitoa."

"Juu ya nini?"

"Ili gari lishike barabara vizuri. Kwenye kona."

Rutebuka akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kuelewa. "Kona gani?"

Zabroni akaipitia barabara yote kichwani, kutoka Riverside hadi mlango ule. Hakupata ya kutaja. Mjomba mmoja akaanza kucheka ndani ya glasi ya maziwa, wengine wakamfuata, hata mshenga akacheka huku ameshika shavu. Rutebuka peke yake hakucheka.

"Bon. Mzee atabaki na sisi, anywe maziwa, ulimi ipoe. Weye enda ulete ule mama. Tutamungoja. Bila yeye, hatujakuona."

Zabroni alipofika kwenye gari akasikia hatua. Umutoni, ambaye hakutakiwa kuonekana, alikuwa anakuja na mto wa kochi kifuani. Akauweka juu ya kile kiti kimoja. "Ni kwa ajili ya mgongo ya Shangazi," alisema, akarudi ndani kabla hajashukuriwa.

Kwenye kuingia barabara kuu palikuwa na mzunguko mrefu, kona halisi, ya kwanza tangu asubuhi. Selika nyekundu ikaikata bila kuinama hata kidogo, matairi yameshika, usukani umetulia, vile vile walivyoahidi wenye ndevu. Hapakuwa na mtu wa kuiona. Zabroni alitazama ule mto pembeni yake, akalia mpaka alipoingia Ohio.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika Reynoldsburg. Florida alikuwa amesimama nje karibu na gari lake la rangi ya uji, funguo mkononi, mlango wa kusukuma uko wazi. Shangazi Agata alikuwa ameketi ndani ya gari hilo, karibu na dirisha. Hakuwa amevaa kitenge cha safarini. Alikuwa amevaa imvutano yake ya sherehe, amejifunga begani, shanga shingoni, mkoba mapajani, na ilionekana alikuwa amekaa hivyo muda mrefu.

Zabroni akapiga magoti, akampa mto. Agata akaupokea, akaupapasa.

"Nani ameuleta?"

"Umutoni."

"Huyo atafaa," akasema.

"Shangazi, ulijua watakuulizia?"

"Nani asiyejua? Hata Florida anajua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Agata akamshika bega, akajiinua polepole, akauweka mto nyuma ya mgongo wake, ambao kweli ulikuwa unauma.

"Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Tangu Buffalo ulikuwa unanieleza habari za kona."