Kiroboto cha Kopo

Wateja walimwita Fundi, na kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee aliyetengeneza simu mtaani pale, jina hilo lilitosha. Watoto wawili tu ndio waliomwita Shangazi: binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita, watoto wa mdogo wake. Mdogo wake huyo, yeye Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao wawili alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake akiwa darasa la tatu. Siku zile alitokea mwanamume aliyetaka kumwoa. Akaambiwa angoje kwanza mtoto amalize shule. Akangoja mwaka mzima, akaona subira haivuti heri upesi kama inavyosifiwa, akaenda zake.

Jumapili moja mdogo wake aliwaleta watoto asubuhi, akawaacha mlangoni bila hata kuketi.

"Dada, nitawapitia jioni. Leo nyumbani kuna shughuli kidogo."

Hakumuuliza shughuli gani. Watoto kwake walikuwa kama mvua: haiulizwi imetoka wapi. Aliondoa simu za watu mezani, akatandaza gazeti, akawauliza wanataka kufanya nini.

"Roboti," mvulana alijibu, kama mtu aliyelala nalo wazo hilo.

"Roboti wa kutembea," binti akaongeza. "Siyo wa kukaa tu kama sanamu."

Basi wakasaka. Katika boksi la mabaki Shangazi alipata mota ndogo iliyokuwa ikizungusha kaseti kwenye redio fulani iliyokwisha kufa, na betri mbili. Jikoni walipata kopo tupu la maziwa ya unga. Miguu ikawa miswaki mitatu mikuukuu, wameifunga ubavuni mwa kopo kwa utepe, vichwa chini ili roboti asimame juu ya nywele za miswaki. Macho yalikuwa vifungo viwili vya shati, kimoja kikubwa kuliko mwenzake.

"Anakonyeza," binti alisema.

Shangazi alipasha moto pasi yake ya kuchomelea, akawaambia warudi hatua mbili, akagandisha nyaya za mota kwa risasi iliyoyeyuka, akaifunga mota juu ya kopo. Kisha akachomeka kipande cha kifutio kwenye ncha ya mota, kikaegemea upande.

"Mbona umekiweka upande?" binti aliuliza.

"Kikikaa katikati, mota itazunguka kimyakimya na kopo halitasogea. Kikikaa upande, kila mzunguko kinalivuta kopo huku na huku. Mtu mwenye mzigo bega moja hawezi kusimama ametulia."

Mvulana alikuwa ameshika utepe kwa meno. Akautoa ili aseme lake. "Kule kwetu kupya nitamweka dirishani."

Dada yake akamfinya. Shangazi aliuona mkono ule.

"Kwetu kupya wapi?"

"Baba alisema tusiseme," binti alijibu, macho sakafuni.

"Basi msiseme."

Akaendelea na kazi. Lakini siri kwa mtoto wa miaka sita ni maji kwenye pakacha. Nyaya hazijapoa, mvulana akaeleza yote: kwamba Baba amepata kazi, kwamba ni mbali mpaka mtu alale njiani, kwamba vyombo vimeshafungwa na wanaondoka Alhamisi. Aliyasema kwa furaha, kama anayemletea mtu zawadi. Binti akaanza kulia.

"Alitaka akuambie mwenyewe, Shangazi."

"Najua, mama. Nipe hizo betri."

Akazipokea betri. Aliona ajabu kwamba alichokiwaza kwanza ni vikombe. Alikuwa na vinne, na katika wiki nyingi vitatu hukaa kabatini mpaka Jumapili.

Walipounganisha waya wa mwisho, kopo lilinguruma, likatetemeka, likaanza kurukaruka sakafuni likijigonga kwenye miguu ya meza. Binti alisahau kulia.

"Huyu siyo roboti," Shangazi alisema. "Kwa udogo huu na kuruka huku, ni kiroboto."

Watoto walicheka mpaka mvulana akakaa chini. Mchana kutwa wakakifukuza kiroboto chao chumba kizima, wakijikuna makusudi kila kilipowasogelea.

Mdogo wake alifika jua likielekea kuzama. Aliwaona watoto wanavyomtazama, akajua.

"Ungeniambia lini?" Shangazi aliuliza.

"Nilikuwa natafuta siku, Dada."

"Wiki ina siku saba, na katika zote hukuiona hata moja?"

Alisimama pale mlangoni, mtu mzima mwenye ndevu, akikwaruza fremu kwa kucha kama alivyokuwa akifanya utotoni kila alipokosea shuleni. "Niliogopa utaniambia nenda tu. Nawe ungesema hivyo hivyo."

"Nenda tu," Shangazi alisema, akainama kuwafunga watoto viatu.

Binti alitaka kiroboto kibaki, ili Shangazi awe na mtu. Shangazi akakataa. Akamwonyesha jinsi ya kusokota nyaya zikiachana, akamfanya arudie mara tatu, akawapa waende nacho.

Wiki ya tatu tangu waondoke simu iliita. Binti alisema kiroboto kimekufa. Shangazi akamwambia aweke simu kwenye spika, atazame waya mwekundu. Umechomoka? Umechomoka. Basi usokote kama nilivyokuonyesha, usivute. Mara ngurumo ile ikasikika, na mvulana akapiga yowe.

Simu ikaachwa sakafuni. Alizisikia nyayo zao zikikimbia katika chumba kilichovuma, chumba kisicho na vitu vingi bado. Alisikia kopo likigonga ukuta, na sauti ya mama yao ikiuliza kelele gani hizo. Akasema "Haloo" mara moja, kwa sauti ndogo. Hakurudia, asije akawakumbusha kwamba simu bado iko hewani.

Alisikiliza hivyo mpaka simu ikakatika yenyewe. Kisha akaivuta taa karibu, akachukua simu ya mteja iliyopasuka kioo, akaanza kulegeza skrubu.