Pua ya Nyumba

...na kama kweli maharage yamechacha mbona mimi sikusikia kitu, pua hii hii ndiyo inayowalisha tangu hoteli ifungwe na Shefu arudi nyumbani na visu vyake vimefungwa kwenye taulo, hakuna aliyewahi kuharisha, hakuna, leo ndio iwe pua ya kuchekwa, Shefu mume wangu ameonja kijiko kimoja cha maharage akakilaza pembeni ya sahani taratibu, vile anavyofanya akitaka nikumbuke kwamba yeye amepikia wageni wa maana na mimi nimempikia yeye tu, akasema haya yameshakwenda, yamekwenda wapi, nikamwuliza, yana miguu? nikainua bakuli nikanusa mbele yao wote, nikavuta mpaka mabega yakapanda, yako salama, nikasema, kuleni, anayetaka chakula cha hotelini aende hotelini, na binti yetu naye, kifaranga cha juzi, akabana pua akakimbilia nje, eti mama yananuka, yananuka! mtoto niliyemzaa kwa uchungu ananifundisha mimi habari za kunuka... sogea, dada mwenye miwani aliye mbele yangu kwenye foleni amesogea, na mimi nasogea, duara la njano walilolichora chini limefutika nusu kwa viatu vya watu, nasimama katikati yake kama tulivyoagizwa, mbele yangu wamebaki wachache tu kabla ya mlango wa duka, na lazima niingie leo, lazima, unga wa mwisho nimeukung'uta asubuhi kwa kugeuza mfuko ndani nje, hawa wakifunga mchana hawafungui tena mpaka wapulize dawa, na kupuliza kwenyewe hawana haraka, kwao wamekula. Kaka, rudi nyuma, namwambia huyu wa kofia aliye mgongoni kwangu, duara lako ni lile pale, hili langu, mimi na wewe hatukuoana, watu wanacheka ndani ya barakoa zao, yeye hacheki, anasema dada umeamka na kisirani, ndiyo, nimeamka nacho, nina mama mkwe mwenye pumu nyumbani, pumu ya tangu utoto wake, akilala kifua kinapiga filimbi, na sijaukimbiza ugonjwa huu muda wote huo kwa sabuni na maji ya moto ili uje unidake kisogoni kwa sababu ya mtu asiyejua kusimama, rudi, bado, rudi tena, haya, ahsante.

Nyumbani kwetu anayetoka ni mimi peke yangu, ndivyo tulivyokubaliana, mmoja tu atoke, anunue vya kutosha, arudi, avue nguo mlangoni, aoge ndipo asalimie, na vya kutosha maana yake ni kubana, kubana mpaka shilingi ipige kelele, friji tumeizima tuokoe umeme, siku hizi inatunza viatu, kwa hiyo kila kilicholala kinapita chini ya pua yangu kabla hakijapita kinywani mwa mtu, mpelekee mama anuse, ndio wimbo wa nyumba, maziwa, mpelekee mama anuse, wali wa jana, mchuzi wa juzi, mpelekee mama anuse, Shefu mwenyewe na cheti chake ukutani ananiletea sufuria kama mwanafunzi anayeleta daftari lisahihishwe, nanusa, nasema bado, chemsha tena utie chumvi, au nasema mwaga, na nikisema mwaga hakuna rufaa, aliyeanzisha hayo ni mama mkwe, yeye ambaye mwaka ule naolewa alisema huyu msichana ana pua ndefu, ataiingiza kwenye mambo ya watu, na kweli niliiingiza, niliamka alfajiri nikasikia gesi inavuja jikoni, wao wamelala fofofo, nikawatoa nje mmoja mmoja na khanga zao, tangu siku ile akawa anawaambia majirani, mkwe wangu huyu Mungu amempa pua kwa sababu sisi alitunyima akili, na leo wote walipogoma ni yeye tu aliyevuta sahani, leteni, akasema, mimi nakula, mkwe wangu hajawahi kukosea, akala, kijiko kwa kijiko, huku ananitazama, na mimi nikamgeuzia Shefu jicho, umeona? umeona mtu anayejua shukrani?... jamani hilo pipa, anasema dada mwenye miwani, hawana hata huruma hawa, na kweli, pembeni ya mlango pipa la taka limejaa mpaka mfuniko umesimama wima, matumbo ya samaki yanamwagikia chini, nzi wamefanya arusi, mlinzi mwenyewe amegeuza uso, na wa kofia anasema tutakufa kwa uvundo kabla ya ugonjwa, kila mtu amebana pua kwa vidole juu ya barakoa, na mimi nimebana, mkono umepanda wenyewe kwa kuwa mikono yote imepanda... umepanda, lakini nabana nini? Sisikii kitu. Ni barakoa, hii niliishona kwa aproni ya Shefu, kitambaa kizito cha jikoni, tena nikakikunja mara mbili, hata moshi haupiti hapa, ndiyo maana, navuta, hewa tu, navuta tena, hewa, naishusha barakoa kidogo, chini ya pua, mlinzi asione, naelekeza uso kwenye pipa navuta mpaka kichwa kinazunguka, naona matumbo yanang'aa, naona ute, naona funza wanavyojikunja, naona kila kitu na sisikii kitu, kama vile pipa limechorwa ukutani. Pandisha barakoa. Tulia. Ni mafua. Sina mafua. Ni uchovu basi, ni hasira, mtu akikasirika pua inaziba, nani alisema hivyo, hakuna aliyesema hivyo.

Kopo. Mfukoni nina kopo la dawa ya kuchua ya mama mkwe, ile kali ya kifua, ikifunguliwa sebuleni binti anapiga chafya chumbani, nimelibeba nimwonyeshe binti wa kaunta anipe aina hiyo hiyo, maana nyingine inamtoa vipele, nililikwangua jana kwa njiti ya kiberiti lakini pembeni imebaki kidogo, nalifungua, nachovya kidole, napitisha mkono chini ya barakoa, napaka, navuta... baridi, baridi inapanda mpaka kwenye paji la uso, macho yanalenga machozi, ipo! nimeisikia! ahsante Mungu, nimeisikia... hapana. Nimesikia baridi. Baridi si harufu. Ile harufu yenyewe, ya kifua chake, ya blanketi lake, ya chumba chetu, haipo, kuna baridi na nyuma ya baridi hakuna kitu, kama kufungua mlango wa nyumba iliyohamwa. Wali ule. Juzi nimesimama juu ya sufuria, nimesimama kabisa, mwiko mkononi, na Shefu akapiga kelele kutoka uani, kunaungua huko! nikaruka, nikasema nilikuwa nawaza, tukaukwangua ukoko tukaula tukacheka, mpishi wa hoteli kaokoa jahazi, ala, nawaza nini mimi, nilikuwa siwazi kitu, nilikuwa siusikii, na sabuni ya kufulia, nilimgombeza muuza duka wa mtaani kwamba sabuni zake siku hizi hazina manukato, na chai isiyo na ladha nikasema majani yamechakachuliwa, kila kitu nilikitafutia wa kulaumiwa, muuza duka, majani, mtoto, Shefu, wote wana makosa isipokuwa pua yangu, na redio inatangaza dalili kila siku, homa, kikohozi, kupotewa na harufu, na mimi naongeza sauti ili mama mkwe asikie, sikiliza mama, ujichunge... uji. Mungu wangu, uji. Asubuhi hii hii, ameshika kikombe, kinafuka mvuke, nikasema lete mama utaungua, nikakiinamia, nikapuliza, nikapuliza vizuri mpaka utando ukakunjamana juu, nikaonja kwa ncha ya ulimi, umepoa, kunywa, akanywa wote, na nalala naye chumba kimoja, kwa sababu Shefu ndiye tuliyemtenga, Shefu! kwa kuwa alikwenda mara moja hotelini kudai haki zake tukamlaza sebuleni, tukamwoshea vikombe mbali, na mimi ninayetoka kila mara nikalala miguuni pa mama nimsikilizie kifua, kikulacho ki nguoni mwako, yeye mwenyewe anapenda kusema hivyo, na nguo yenyewe ni mimi.

Mlinzi anakuja na kile kipimo chake cha kuelekeza kwenye paji la uso, anampima dada mwenye miwani, anampitisha, anakuja kwangu, nasimama wima, moyo unadunda mpaka nahisi atausoma huo badala ya joto, kinalia, anakitazama, mzima kabisa mama, anasema, subiri mmoja atoke uingie. Mzima. Kipimo kimesema mzima, nani mimi nibishane na kipimo, sina homa, sikohoi, hili la pua ni langu mwenyewe, ndani ya pua ya mtu hakuna mlinzi, naingia haraka, siongei, sishiki nisichonunua, unga, maharage, chumvi, mafuta, dawa ya kifua, natoka, nani atajua, na nisipoingia watakula nini, Shefu akija badala yangu si naye amepumua pumzi zangu, binti pia, nyumba nzima tumepumua chungu kimoja, nikitoka kwenye foleni hii nimewafungia wote ndani na mifuko mitupu, hapana, naingia, mara hii tu, nitabana pumzi... na binti wa kaunta? Yule haninong'onezi kwa mbali, ananiinamia mpaka masikioni, dada, nimekuwekea mayai yenye nyufa, nimekuwekea mkate wa jana, ananiita dada na hatujuani hata majina, labda kwake ndiko nilikoupata, labda mimi ndiye nitakayempa, naye jioni atarudi kwa mtu wake, kila mtu ana mtu wake, jamani. Kaka, usisogee, namwambia wa kofia, sauti inatoka nyembamba, anasema mbona sijasogea dada, na ni kweli, hajasogea, ni mimi niliyerudi nyuma mpaka ukingo wa duara.

Simu inatetemeka, jina ni la Shefu, lakini ni mama mkwe, anapiga kwa simu ya mwanawe kwa sababu yake haina salio, na hata likiwepo anasema tuliache likae. Umefika wapi, mwanangu? Niko mlangoni, mama. Usisahau dawa yangu. Nitaisahauje, mama. Hajui kuiweka simu mbali na kinywa, pumzi zake zinanipiga sikioni, zinakwaruza, kama kawaida zinakwaruza. Mama, yale maharage ya asubuhi. Nimeyamaliza, anasema, sikubakiza. Yalikuwaje? Mama, niambie kweli, wewe na Mungu wako. Yalikuwa yamechacha, mwanangu, anasema, yamechacha mpaka yanatoa povu. Sasa kwa nini ulikula, mama! watu wanageuka, nimepiga kelele, kwa nini ulikula? Ningefanyaje, anasema, wote wamekugeuka, ningekuacha peke yako mezani? Na hapo machozi yananitoka, sio ya dawa, yanaingia ndani ya barakoa, yana chumvi bila shaka ila siisikii, nilidhani anakula kwa kuwa ananiamini, kumbe alijua, tangu kijiko cha kwanza alijua nimekosea, na akaendelea kutafuna huku ananitazama nisije nikaaibika mbele ya mtoto wangu, nampenda mwanamke huyu, sijawahi kumwambia, tunagombania vitunguu kila siku ya Mungu na nampenda. Mama, nisikilize, usinikatize, leo tu usinikatize, toka chumbani kwetu sasa hivi, Shefu afungue madirisha yote, kile kibomba chako cha pumu usikiweke chini, kikae mkononi, mtoto asikusogelee, na nikija, nikigonga, usinifungulie, hata nikikuita kwa jina la mama, usinifungulie. Wewe, umegombana na nani tena huko, anasema, na anacheka, ananicheka kama kila siku, kicheko kinamgeukia kikohozi, kidogo, kile cha siku zote, Mungu wangu kiwe kile cha siku zote, mwanamume mmoja anatoka dukani na begani ana mfuko wa unga, mlinzi ananipungia, mama, ingia, zamu yako, na nitamwambia siingii, nitamwambia kwa nini, kwa sauti, hata wakinikimbia wote, nitaomba unga waniwekee chini hapa nje niwapishe, nitasema, sasa hivi nitasema, lakini kwanza amalize kukohoa, mama uko hapo? nyamaza kaka, nyamazeni wote, nimeganda hapa juu ya duara na simu nimeikandamiza sikioni, na upande wa pili anavuta pumzi, inakwama, anavuta tena.