Paa la Mheshimiwa Halifungi

Jumatatu asubuhi Kagure alikuwa akirudisha bawaba ya mlango wa gari la kubeba mkate, mlango uliolegea hadi dereva wake akawa anaufunga kwa kamba ya katani, wakati gari jeusi la Mheshimiwa lilipoingia katika uwanja wa gereji yake mjini Nyeri. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikiteremka kutoka mlimani bila haraka. Dirisha la paa la gari lile, ambalo mafundi wote huliita sanrufu, lilikuwa wazi. Mama mmoja aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani alikuwa amesimama ndani yake, nusu ya mwili nje, akilowa.

Ben, dereva wa Mheshimiwa, alishuka.

"Injinia, hii paa imekataa kufunga. Viti zimeoza. Ile ya Mheshimiwa imeanza kuota uyoga."

Kagure alilijua paa hilo. Alilikata mwenyewe kabla ya kampeni, akaweka fremu, kioo, mota na mirija ya kutolea maji. Alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo, na angeweza kubaki Nairobi, lakini alirudi nyumbani kwa sababu ya kifaa kimoja alichokuwa nacho kichwani tangu utotoni, siku ya harusi ambapo dada yake Lynn alikatwa vidole na kioo cha gari la mjomba wao. Ukingoni mwa kioo cha sanrufu Kagure aliweka mpira wenye tundu lililojaa hewa. Mpira ukigusa kitu, hewa husukumwa, swichi hubonyea, na mota hurudi nyuma kabla kitu hicho hakijaumia. Aliuita mdomo, kwa sababu ulionja kabla ya kuuma. Mheshimiwa aliupenda. Alisimama katika paa hilo kwenye mikutano mingi akiwaambia watu waone kazi ya mikono ya binti yao.

Kagure alichukua yai bichi, akapanda kwenye kiti cha nyuma na kumwomba yule mama asogee kidogo. Alilishika yai ukingoni, akabonyeza swichi. Kioo kilikuja, kikaligusa yai, kikarudi. Yai halikupata hata ufa. Akajaribu bila yai. Kioo kilikuja hadi kwenye sweta ya yule mama, kikarudi.

"Haina shida," Kagure alisema. "Hapa kuna mtu."

"Tunajua kuna mtu," Ben alisema. "Ako hapo tangu kampeni."

Mzee Usman, mpiga rangi kutoka Majengo aliyefanya kazi na Kagure, alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi. Alimtazama yule mama, akavua kofia.

"Mama Shiku, ni wewe? Mimi nilikuja mazishi yako."

"Nilisikia mlikuja wengi," mama alisema. "Asanteni. Ben aliniambia chakula kilitosha."

Jina lake lilikuwa Watiri. Alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma katika stendi ya Kwa Nyaguthii, kwenye barabara ya Karatina, na kila mtu alijua alivyokufa. Msafara wa Mheshimiwa ulipita ukikimbilia mkutano mwingine, na gari la mbele, hili hili jeusi, likamgonga akivuka na beseni lake. Halikusimama. Katika kituo cha polisi iliandikwa kwamba aligongwa na gari lisilojulikana, ingawa stendi nzima ililiona, na gari lenyewe lilikuwa na picha ya Mheshimiwa mwenyewe ubavuni.

Kagure alimletea chai katika kikombe cha bati. Watiri aliipokea kwa mikono miwili, akaishikilia ili apate joto.

"Ulifikaje ndani, mama?"

"Nilirushwa juu. Mheshimiwa alikuwa ndio amekaa chini aongee na simu, paa iko wazi, mimi nikaingia. Mwili ulibaki kwa lami, huo ndio walizika. Mimi nikabaki kwa gari."

"Na mbona usishuke? Gari imesimama."

Watiri alitazama ule uwanja, milango iliyoegemezwa ukutani, boneti zilizopakwa rangi ya kwanza.

"Hapa si kwetu," alisema. "Mimi sikuwa na safari. Nishushwe penye nilipandia. Nimemwambia kila siku tukipita: tafadhali, hapo kwa mti wa mugumo, nishukishe. Hasimami."

Ben aliinamisha kichwa na kuanza kupangusa kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na uchafu.

"Ben," Kagure alisema, "wewe ndiye unashika usukani."

"Mimi niko na watoto, injinia."

Mheshimiwa alikuja mchana kwa gari jingine. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, aliyezoea kuisikia mwenyewe. Aliwasalimu mafundi kwa mikono, akampungia kidogo hata Watiri, kama mtu anavyompungia jirani ambaye wamezozana naye juu ya mpaka wa shamba.

"Injinia wetu," alisema. "Imekuwa tayari?"

"Inafanya kazi vile niliiunda, Mheshimiwa. Imegusa mtu, ikarudi."

"Basi itoe hiyo mpira. Ifunge."

"Nikitoa mdomo, hiyo mota iko na nguvu ya kukata mkono."

"Mkono gani? Huyu alikufa. Hana mkono."

"Niko nao," Watiri alisema, akauinua. Bado ulikuwa na masizi ya makaa kwenye vidole.

Kagure alipandwa na ile hasira inayomfanya mtu aongee polepole. Alimwambia Mheshimiwa kwamba hakuhitaji fundi. Alihitaji kusimamisha gari Kwa Nyaguthii, kufungua mlango, na kumwacha mama ashuke. Viti vingekauka wiki hiyo hiyo.

"Nikisimama hapo," Mheshimiwa alisema, "watu watasema ni mimi nilimgonga."

"Ni wewe."

"Sijakataa. Nimesema watu watasema." Aliyasema hayo kwa upole, kama mwalimu. "Sikiza. Huu mdomo wako ni kitu kubwa. Naweza kukupeleka kwa watu wa kiwanda, ifungwe kwa kila gari inaundwa hapa Kenya. Lakini lazima iwe na swichi ya kuizima, maana kuna wateja wengine wanataka paa yao ifunge. Unanielewa? Na hii kibanda yako iko kwa ploti ya umma. Mimi ndiye huwa naambia askari wa mji wawaache."

Mzee Usman alikohoa. Kagure alitazama kile kioo, ukingo wa mpira aliouchonga kwa kisu usiku na mchana hadi ukakubali, na akamkumbuka Lynn akiwa ameshika mkono wake uliofungwa leso, halafu mjomba akisema tusiharibu harusi.

"Swichi ya kuizima sitatengeneza," alisema.

"Sawa," Mheshimiwa alisema. Alimwagiza Ben awashe gari. Watiri alirudisha kikombe, akashukuru kwa chai, akashika ukingo wa paa kwa sababu Ben huondoka kwa kasi.

Gereji nyingine, upande wa chini wa mji, ilitoa mdomo kabla ya jioni. Mtu aliyeifanya kazi hiyo alisema baadaye kwamba kioo kilikwenda vizuri na kumfikia Watiri kiunoni, kikasimama hapo kwa sababu hakikuwa na pengine pa kwenda, na mota ikaendelea kusukuma. Watiri hakupiga kelele. Aliomba tu avutiwe sweta chini, kwa kuwa kioo kilikuwa baridi. Tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa ndani, viatu vya plastiki juu ya kiti cha ngozi, na nusu yake ya juu ilikuwa nje, katika mvua na vumbi. Viti vilianza kukauka. Mheshimiwa aliridhika.

Wiki iliyofuata askari wa mji walikuja na kufuli. Kagure na Mzee Usman walihamisha vyombo kwa mkokoteni hadi nyuma ya nyumba ya Kagure, mtaani King'ong'o. Kisha Kagure alivaa nguo za kanisani akaenda kituoni. Aliwaambia kwamba gari linajulikana, na kwamba marehemu mwenyewe yuko juu yake, mtu yeyote anaweza kwenda kumwuliza.

"Tunamwonanga," afisa alisema. "Akipita kwa rodibloku, penye tunakagua magari, huwa tunamsalimia. Mama mzuri sana."

"Basi?"

"Basi nini? Marehemu hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe. Na ile gari hatuwezi simamisha. Iko na bendera."

Kagure alitoka hapo. Hakwenda nyumbani. Alipanda gari hadi Kwa Nyaguthii, akamtafuta Dedan, mume wa Watiri, ambaye sasa ndiye aliyechoma mahindi. Alimkuta akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Dedan alimwambia kwamba gari hupita karibu kila siku, na Watiri humwita kwa jina, lakini kasi ni kubwa. Maneno hufika baada ya gari kuondoka.

"Mkiweka matuta," Kagure alisema, "itabidi apunguze."

"Tumeomba matuta tangu Shiku wetu akiwa shule ya nasari," Dedan alisema.

Waliyaweka wenyewe. Wanaume wa stendi walibeba mawe, akina mama wakaleta murramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kwa karai, mwenye duka la vifaa akatoa simiti. Kagure alipima mwinuko ili lori la chai lipite bila kuvunjika springi. Tuta likakauka. Watu wakakaa kando ya barabara, Dedan akiwa na shali ya mkewe mkononi.

Gari jeusi lilikuja adhuhuri. Ben alilipanda tuta polepole sana, polepole kuliko ilivyohitajika, na kwa muda mfupi gari lilikuwa karibu limesimama. Watiri aliinama kutoka juu, akanyoosha mikono. Dedan alimfikia. Alimtupia shali mabegani na kumshika vidole.

"Shiku ako salama?" Watiri aliuliza.

"Ako kidato cha pili sasa," Dedan alisema. "Shuka."

"Waambie wafungue."

Kagure alikuwa tayari amefika mlangoni akivuta kitasa. Kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nyuma ya kioo cheusi sauti nzuri ilisema, "Twende, Ben," na magurudumu ya nyuma yakashuka kwenye tuta. Dedan alikimbia kando ya gari mpaka vidole vikaachana.

Kesho yake asubuhi greda lilifika Kwa Nyaguthii, likifuatwa na lori la lami moto na vijana waliovaa makoti ya kung'aa. Watu wa stendi hawakuwa wamewahi kuona greda upande ule. Liliondoa tuta, likaendelea mbele na nyuma, likaziba mashimo yote ambayo walikuwa wameyalalamikia kwa miaka mingi, likachonga hata mitaro. Wazee walisema ni kazi nzuri. Mmoja wao aliwapelekea wale vijana maji ya kunywa.

Kagure alisimama na Dedan karibu na makaa hadi gari lilipopita. Watiri alikuwa juu, shali imefungwa vizuri, akitazama stendi, na mdomo wake ulikuwa ukisema kitu. Ben hakuhitaji kukanyaga breki. Kagure aliokota jiwe, akalishika, na lilipokuwa bado mkononi mwake gari lilikuwa tayari limefika kwenye kona ya Karatina, kwa sababu barabara ilikuwa laini sana.