Siku Alizomnyima Mama

Mike alikuwa ameishi Machakos miaka tisa, akisimamia ujenzi wa mabwawa ya mchanga, yale yanayohifadhi maji ndani ya mchanga wa mito, kule Mwala, na kwa muda huo wote hakuwahi kumlipa mtu amfanyie hesabu za kodi. Mmarekani, hata akiishi wapi, lazima aieleze serikali ya kwao mapato yake, na Mike alifanya kazi hiyo mwenyewe kila Aprili kwenye meza ya sebuleni, mkewe Nduku akimtania kwamba anapenda kodi kuliko kanisa.

Kulikuwa na msamaha mmoja alioutegemea. Kama alivyouelewa, mshahara wake wa Kenya haungetozwa kodi Marekani mradi asikae kule zaidi ya siku thelathini na tano kwa mwaka. Mwaka jana karibu zote ziliisha Juni, alipokwenda kumuuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji. Septemba dada yake akapiga simu: ugonjwa umerudi, na mama anamuulizia.

"Nenda," Nduku alimwambia.

"Nikienda sasa watanitoza kodi ya mwaka mzima. Januari hesabu inaanza upya. Nitakaa naye mwezi wote."

"Si tayari unakatwa kodi hapa? Utakatwa mara ngapi?"

"Wewe huelewi hizi mambo, Nduku."

"Mimi naelewa mama ni mgonjwa."

Mike aliona haya kumwambia mama sababu ya kweli. Akamwambia kwamba mkubwa wake kazini, Muthoka, amemnyima likizo mpaka mvua ziishe. Muthoka hakujua lolote. Aliposikia habari za ugonjwa, yeye mwenyewe alimsimamisha Mike langoni akamwambia, "Chukua likizo, bwana. Huu mchanga utatoroka uende wapi?" Mike akashukuru, akasema ataangalia.

Mama hakulalamika. Kila walipopigiana simu ya video alikuwa amekonda zaidi, lakini alicheka na mjukuu wake Kamanthe, aliyemwita susu kama watoto wa Ukambani wanavyowaita bibi zao. Kabla ya kuagana aliuliza jambo lilelile.

"Mvua zimeisha huko?"

"Bado, Mama."

Alifariki Desemba. Siku hiyo Mike hakupiga hesabu yoyote; alikata tiketi ya ndege ya kwanza aliyoipata. Baada ya maziko, yeye na dada yake walibaki jikoni kwa mama wakiosha vyombo vya wageni.

"Ulijua alikuwa anamwombea yule mkubwa wako?" dada yake akamuuliza. "Kila Jumapili. Hata jina lilimshinda kutamka. Alimwomba Mungu amlegeze moyo bwana Mutoka."

Mike aliendelea kupangusa sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Aprili ilipofika, alijua safari ya maziko imemvusha zile siku thelathini na tano, kwa hivyo kwa mara ya kwanza akasoma maelezo yote ya kodi mpaka mwisho. Aya iliyofuata ile aliyoizoea ilisema kwamba mtu aliyehamia nchi nyingine na kuifanya makao yake anaweza kupata msamaha uleule, hata akienda kwao kwa muda kisha akarudi. Mtu huyo hahesabiwi siku. Na mbele kidogo, kwamba kodi anayolipa huko aliko inaweza kupunguzwa kwenye ile ya Marekani. Mike alikuwa na nyumba Machakos, mke, mtoto na kibali cha kazi. Alirudia kusoma, akitumaini ameelewa vibaya.

Nduku alileta chai, akamtazama usoni. "Wanakudai?"

"Hapana. Hata ningekaa naye tangu Septemba, wasingenidai kitu."

Nduku aliweka kikombe chini, akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hakumkumbusha alichomwambia.

Jioni Mike alimpigia dada yake, akamweleza yote, tangu kodi mpaka ule uongo wa likizo. "Muthoka hakunizuia. Alinisihi niende. Ni mimi."



"Afadhali usingeniambia," dada yake akasema. "Nilikuwa nimezoea kumchukia huyo mtu."

Akakata simu. Tangu hapo huandikiana tu, maneno mawili matatu, kuhusu nyumba ya mama na nani ataichukua.