Ndoo Imejaa

Mtu akikuibia viatu, walau haendi redioni kusimulia alivyovishona. Zumari alikwenda. Mtangazaji akamuuliza mbona kwenye ubeti wa pili ananyamaza ghafla na gitaa linabaki peke yake, naye akashusha pumzi ndefu: "Hapo huwa nazidiwa na uchungu wa mapenzi."

Uchungu wa mapenzi! Uchungu wa ndoo, labda. Niliizima ile redio kwa nguvu mpaka kitufe kikanibaki mkononi.

Wimbo ule niliutunga mimi, kaka yangu akautafutia mapigo ya gitaa, chumbani kwetu, magodoro tumeyasimamisha ukutani ili kelele za mtaa zisiingie. Zumari, tuliyemwita hivyo kwa sauti yake nyembamba, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikubaliana tuuimbe wawili: ubeti wa kwanza wake, wa pili wangu. Basi nikauimba wote, simu yake ikirekodi, ili ajifunze. Nilipofika katikati ya ubeti wa pili, mama akapaza sauti kutoka uani: "Chiriku! Ndoo imejaa!" Hilo ndilo jina langu la nyumbani, kwa sababu ya mdomo. Nami, bila kuuacha mdundo, nikaitikia kwa sauti ileile ya wimbo, "Nakuja, mama!" nikaendelea kuimba.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Zumari akasema tusirudie, atajifunza hivyo hivyo. Ikawa kila ukimkuta ana wimbo masikioni, anaufuatisha, na "nakuja, mama" yangu anaiimba pia.

Siku ya kurekodi akaniambia fundi mitambo ameahirisha. Kumbe hakuahirisha lolote. Aliingia studio peke yake, akaimba beti zote mbili, na pale mama aliponiita akaacha kimya, maana wimbo ameuzoea ukiwa na pengo hapo. Nilipomfuata yule fundi nilimkuta anatafuna karanga, maganda yamejaa juu ya kinanda.

"Dada, ushahidi uko wapi?" akaniuliza, wala hakuvua vipokea sauti masikioni.

"Uko kwenye simu ya Zumari."

"Basi muombe yeye."

Nilimpigia. Hakupokea. Nikampigia tena, nikakuta nimezuiwa. Mimi! Niliyemfundisha hata mahali pa kuvuta pumzi! Kaka akasema tumwachie Mungu. Mama akauliza tu onyesho la Zumari ni lini.

Ukumbi ulifurika. Mama alivaa gauni lake la kwendea harusi, tukakaa mstari wa mbele. Zumari alituona, akaangalia pembeni. Watu wazima walikuwa wakiimba maneno yangu midomo wazi, wengine wanafuta machozi, nami nikatamani kupanda juu nimnyang'anye maikrofoni.

Ubeti wa pili ukafika. Zumari akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akanyamaza kwa ule uchungu wake.

Mama akasimama, akapaza sauti yake ya uani: "Chiriku! Ndoo imejaa!"

"Nakuja, mama!" Zumari akaitikia kwenye maikrofoni, kwa sauti ya wimbo, juu ya mdundo, bila kukosea hata kidogo.

Mpiga gitaa wake akaacha kupiga. Zumari akafumbua macho, akaziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yetu mtu akacheka, mwingine akauliza kwa sauti, "Chiriku ndiye nani?" na swali hilo likapita kiti kwa kiti mpaka likatufikia sisi.

Mama alikuwa bado amesimama. Akanivuta mkono.

"Unangoja nini?" akaniambia. "Sikumwita yule. Nimekuita wewe."

Nikapanda jukwaani, nikaanza ubeti wangu pale pale alipouachia.