Maji Yanayong'aa Gizani

Mokeira alijua kwamba kubishana na baba mkwe ni kujitafutia balaa. Lakini meno mapya ya binti yake Cynthia yalikuwa yakiota na michirizi ya kahawia, na hilo hakuwa tayari kulifumbia macho. Kamati ya kisima ilisema ni sukari. Sukari gani hiyo, inayochagua watoto wa kijiji waliokunywa maji ya kisima tangu kichimbwe, na kuwaacha wa bondeni wanaochota chemchemini wakiwa na meno meupe pe?

Kazi yake katika maabara ya chuo, mjini Kisii, ilikuwa kutengeneza vihisi: dawa zinazobadilika rangi zikikutana na floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi majini. Jumapili, mbele ya kamati, alidondoshea maji ya kisima matone machache ya kihisi kimoja. Umanjano ukageuka rangi ya chungwa, dalili ya floraidi. Mzee Manasseh, baba mkwe wake na mwenyekiti wa kamati, akasema hiyo chupa ilikuwa na masalio ya chai.

Basi akatoa kihisi cha pili, ambacho hakibishiwi. Hicho kikikutana na floraidi huwaka kijani, ukikimulika kwa kurunzi ya zambarau, ile wenye maduka hukagulia noti bandia. Shida yake kinataka giza. Mokeira alifunga mapazia sebuleni kwake, akaweka mezani glasi ya maji ya chemchemi na nyingine ya maji ya kisima, zote zimetiwa kihisi, akawakaribisha. Wanakamati waliingia wakicheka, wakaona ya kisima ikiwaka kijani na ya chemchemi ikibaki vilevile. Ila bila neno la mwenyekiti hawakuthubutu kukifunga kisima.

Na mwenyekiti alikuwa bado uani. Kwa Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima ambayo Mokeira hakuwahi kuiona mbaya, ila siku hiyo mzee aliishika kama ngao. Mokeira akamwomba ajifunike blanketi pale nje apate giza, aletewe glasi. Mzee akajibu kwamba hafunikwi blanketi na mke wa mwanawe, wala hasubiri usiku ili atazame maji.

"Mama Cynthia, mimi humo siingii," alisema kwa upole wa kuudhi. "Na kitu sijaona, siwezi kukikubali. Watu waendelee kuchota."

Hasira zilimpanda Mokeira hadi masikio yakamwaka. Alijua vizuri kisima kiliwaondolea wanawake mzigo gani. Ule mteremko wa chemchemi unaua magoti, na yake yalikuwamo. Hata hivyo alinunua kufuli dukani kwa Nyangate, akapanda kisimani na jirani yake Orpah na wanawake wengine waliokwisha kuiona ile glasi ikiwaka. Wakaufunga mpini wa pampu kwa mnyororo. Ufunguo akaupeleka nyumbani.

Mzee alimkuta njiani akitoka na mtungi wake. Alimwuliza nani kampa mamlaka, akadai ufunguo saa hiyo hiyo. Alipogeuka kutafuta wa kumtuma, wanakamati waliofuatana naye walikuwa wakitazama chini.

Tangu aolewe, Mokeira hakuwahi kumtazama mzee usoni. Sasa alimtazama. Akamwita kwa Kigusii, Tata, yaani baba.

"Ufunguo uko mezani kwangu, Tata, katikati ya zile glasi mbili," alisema. "Kurunzi nimeiacha inawaka. Ingia uuchukue."

Kisha akajitwika mtungi wake, akaanza kuteremka chemchemini.